AG 100 na boksi la silinda

Baba mdogo alikuwa muuguzi, na pikipiki aliyoendea vijijini kuchanja watoto ilikuwa Yamaha AG 100. Siku zile, ukisikia pikipiki kwenye barabara ya Bukavu kwenda Walikale, ulijua ni ya padri, ya muuguzi au ya bwana shamba. Mlio wa mipigo miwili ulisikika hata baada ya kuvuka daraja la mto Hombo na kuingia upande wa Kalehe.

Moteri ile tuliifungua nyumbani, juu ya gunia. Haina vali za kichwani. Ukitoa kichwa na kunyanyua silinda, pistoni inabaki imesimama mbele yako. Kwanza unaziba tumbo la moteri kwa kitambaa safi, maana ile klipu ndogo inayoshika pini ya pistoni ikiangukia humo, kazi ya asubuhi inakuwa ya juma zima. Mshale wa kichwani mwa pistoni uelekee kwenye egzosi. Segma, yaani pete za pistoni, nazo zina mahali pa kukaa ncha zake. Ukikosea, zinanasa kwenye matundu ya silinda na kuvunjika.

Baba mdogo alisisitiza sili za mhimili kuliko yote. Kwenye mipigo miwili, petroli na hewa hupitia kwanza tumboni, kwa hiyo tumbo lile halitakiwi kuvuja hata kidogo. Sili ya upande wa sumaku ikikauka, moteri inavuta hewa, inapata joto kali na kukwama. Ya upande wa klachi ikichoka, inavuta mafuta ya gia, na moshi unakuwa mweupe mzito. "Mwanangu, tazama moshi kabla hujashika ufunguo," alikuwa akiniambia.

Silinda iliyolika haikutupwa. Ilipanda lori hadi Bukavu kwa fundi wa kuchonga vyuma, ikapanuliwa robo milimita, safari nyingine nusu, ikatafutiwa pistoni ya kipimo hicho.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokwisha, barabara ilikuwa imeharibika vibaya, na pikipiki za China na India zikashika kazi ya malori: magunia, mawese, wagonjwa, akina mama wa kujifungua. Nilizifurahia, na bado nazifurahia. Ni za mipigo minne, zinakunywa petroli kidogo, na vipuri vyake vinapatikana. Silinda, pistoni na segma vinauzwa pamoja ndani ya boksi moja. Motari akiona moteri imeanza kula mafuta, ananunua boksi, linafungwa mchana huohuo, kesho yuko njiani. Simlaumu: asipobeba abiria, nyumbani hawali.

Kilichopotea ni kupima. Vijana ninaowafundisha wanafunga haraka kuliko mimi, lakini wengi walikuwa hawajawahi kuingiza segma peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya kati ya ncha zake. Mwanya ukiwa mdogo mno, segma inatanuka kwa joto, ncha zinakutana, na ukuta wa silinda unakwaruzika. Boksi jipya halikuepushi na hilo. Kwa hiyo AG 100 ya baba mdogo bado ninayo, na kila kijana anaanza kwa kuifungua hiyo. Baadaye nampa boksi la dukani, na halifungi kabla hajaniambia vipimo vyake.