Mashine Imenyamaza, Sauti Imebaki



Wapendwa, kompyuta inapokataa kuwaka, wengi wetu huomboleza kabla ya kutazama ni kipi kilichokufa. Ndani yake kuna pawa saplai, kumbukumbu ya muda, programu ya kuiendesha, na diski inayotunza mafaili. Kimoja cha vile vitatu vya kwanza kikiharibika, kompyuta yaweza kukataa kuwaka. Lakini diski yaweza kuwa nzima, na yote tuliyoyahifadhi yamo.

Hayo tuliyaona hapa Shanwe, kompyuta ya ofisi ya parokia ilipogoma baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Kumbukumbu za ubatizo na ndoa hazikututia hofu. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, navyo vimo kabatini. Tuliyoyahofia ni masimulizi ya wazee wetu tuliyoyarekodi, akiwemo katekista mmoja tuliyekwisha kumzika.

Wengine walishauri Windows iwekwe upya. Fundi wetu, kijana wa hapa mjini, alikataa. Katika diski ya sumaku, faili likifutwa, kwa kawaida huondolewa kwenye orodha tu. Lenyewe hubaki mpaka jingine liandikwe juu yake. Likishaandikwa juu yake, halirudi tena. Basi akaichomoa diski, akaiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta nyingine, akanakili kila kitu kabla ya kutengeneza chochote. Akatuonya pia kwamba diski ikigonga-gonga izimwe mara moja, kwani kila mzunguko waweza kuiharibu zaidi. Na iliyofungwa kwa ufunguo wa siri haisomeki bila ufunguo huo, hata ikiwa nzima.

Jioni ile tulimsikia katekista akisimulia, akikohoa, akicheka, akiendelea. Binti yake alikaa kimya kitambo, kisha akaomba irudiwe.

Kutunza kumbukumbu, wapendwa, ni tendo la haki. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, kwa kuwa kulikuwa na wanaume waliooa kwa siri, wakamwacha mke na kumwoa mwingine hadharani. Bila shahidi wala maandishi, mke wa kwanza alikosa pa kushika. Kumbukumbu ikipotea, mnyonge ndiye huumia kwanza.

Mafundi hushauri nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikikaa nje ya nyumba. Basi wiki hii, kila familia yenye sauti au picha ya mzee wake katika simu moja tu, na iitolee nakala. Mzee huyo hatairudia hadithi yake.