Azimio la kazi lililokufa siku ya pili

Najua nimepotea. Kuna walioniuliza kafeteria kama nimedisko. Sijadisko! Likizo yote nilikuwa Changanyikeni kwa mama mdogo, naendesha shule yenye wanafunzi wawili, dawati moja (meza ya kulia chakula) na mwalimu mkuu ambaye ndiye mimi. Mfagizi pia mimi.

Stori iko hivi. Mama mdogo alipunguzwa kazini mwezi wa sita. Watoto wake walikuwa shule ya kulipia, jina silitaji, ada ikachelewa wakarudishwa nyumbani. Akaambiwa barua ya uhamisho haitoki mpaka deni liishe. Basi akajifunga kibwebwe, akaanza kuuza barafu za ukwaju kutoka kwenye friza lake, akasema watoto watakaa nyumbani mpaka Januari, deni alilipe kidogo kidogo, halafu waende shule ya serikali. Mimi nikapigiwa simu. "Wewe si unasomea ualimu? Basi njoo." Nikaitikia, kwa sababu kwa mama mdogo kuna wali wa nazi, na boom wakati ule hakuna aliyejua limekwama wapi.

Majina ya watoto siweki, mama yao atanitoa roho. Nitawaita Kaka na Mdogo. Kaka ana miaka tisa na aliachia darasa la tatu katikati. Mwakani akibahatika anaingia la nne, na la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule anayokwenda ameshasema atampima kwanza ndipo aamue ampeleke la nne au amrudishe la tatu. Mdogo ni wa kike, ana miaka saba, darasa la kwanza. Kwenye mtaala huu mpya ulioanza Januari 2024, Sayansi kama somo inaanzia darasa la tatu, kwa hiyo Mdogo hakuwemo kwenye hesabu zangu za sayansi kabisa. Yeye alitakiwa akae pembeni asome silabi zake. Kumbukeni hilo.

Hisabati haikunisumbua. Kujumlisha kwa kubeba kunakuja kabla ya kuzidisha, kitabu kinakushika mkono. Kiswahili hivyo hivyo. Sayansi ndiyo iliyoninyima usingizi. Uanze na nini? Mimea? Mwili wa binadamu? Nishati? Mada zote ziko pale kama vyombo kwenye kabati, ukichukua kikombe kabla ya sahani hakuna atakayekukamata.

Ila mimi nilikuwa nimetoka TP, kichwa kimejaa. Nikakaa usiku kucha nikachora azimio la kazi la nguvu: wiki, mada, mada ndogo, vipindi, zana, maoni, mistari kwa kalamu nyekundu. Hata mkaguzi angepiga saluti. Wiki ya kwanza nikaweka mzunguko wa maji. Mnajua kwa nini? Nina aibu kusema. Kwa sababu nilikuwa na chati nzuri ya mzunguko wa maji iliyobaki TP, ina mawingu ya pamba. Hiyo ndiyo sababu yote ya kitaalamu.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nimetundika chati, Kaka akaikariri yote kwa Kiingereza cha kupanda na kushuka, maneno marefu ya kule alikotoka, kama kwaya. Nikajisemea huyu mbona yuko vizuri! Siku ya pili asubuhi alikuwa ametoka kudeki. Sakafu ikawa inakauka mbele yetu. Nikamuuliza kwa mbwembwe za mwalimu: haya, yale maji yamekwenda wapi?

"Yamenyonywa na sakafu."

Nikasema sawa, tuone. Nikamwaga kijiko cha maji kwenye sahani ya plastiki, tukaiweka juani, tukaendelea na Hisabati. Tuliporudi hamna kitu. Plastiki hainyonyi, sasa maji yako wapi? Kaka akaangalia sahani, akaigeuza akaangalia chini yake, akasema, "Yameisha." Mdogo, ambaye hakuwemo, akainua kichwa kwenye silabi zake: "Jua limekunywa." Nikamwambia Kaka, jana si umesema yanapanda hewani? Akanijibu taratibu, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu, "Hiyo ni ya kwenye chati, dada. Hewani hamna kitu."

Duh.

Nilikaa na hilo neno siku nzima. Mtoto hakuwa mbishi. Alikuwa anasema kweli yake: kama hewa ni patupu, maji hayawezi kukaa pale, yataishia tu. Chati yangu ilimtaka aamini maji yanaingia kwenye kitu ambacho kwake hakipo. Na kwenye azimio langu tukufu, hewa ilikuwa wiki ya sita!

Usiku nikalichana. Nikachukua daftari, nikaandika mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa: mvua inatoka wapi. Nikajiuliza, ili alielewe hili lazima awe ameshakubali nini? Kwamba mvuke unaweza kurudi kuwa maji. Juu yake: kwamba maji yanaweza kuwepo hewani bila kuonekana. Juu yake: kwamba hewa ni kitu. Na hili la mwisho, alikubali kwa kuona nini? Hapo maneno yakaisha, ikabidi niende jikoni kutafuta glasi. Nikafanya hivyo hivyo kwa mada ya mimea kujitengenezea chakula. Kurudi nyuma, kurudi nyuma... nikaishia kwenye glasi ile ile.

Kuna kisa nilikuwa nakifundishia TP bila kukitafakari. Yule bwana wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alipanda mti kwenye chungu cha udongo alioupima, akaumwagilia maji miaka mitano. Mti ukaongezeka kilo 74 hivi na udongo ukapungua gramu 57 tu. Akahitimisha mti umetokana na maji. Maandishi yake yalichapwa 1648, yeye ameshafariki. Sasa, huyu huyu ndiye aliyebuni neno "gesi"! Alijua habari za gesi kuliko watu wote wa zama zake, na bado hakufikiria kwamba mti unakula kitu kutoka hewani. Mimi nilitegemea mtoto wa miaka tisa aruke pale alipokwama yeye, tena kwa dakika arobaini.

Basi tukaanza na hewa. Unakunja gazeti unalisokomeza chini ya glasi, unaizamisha kichwa chini kwenye ndoo, wima. Unaitoa, gazeti kavu. Kaka alirudia mara nane, nimehesabu. Mara ya tisa akainamisha glasi kidogo, mapovu yakatoka, gazeti likalowa. Akanyamaza. Mdogo ndiye akauliza, "Kumbe hewa inamwagika juu?" Nimesoma ualimu miaka miwili sijawahi kusikia mtu akilisema vizuri hivyo. Kuanzia siku hiyo nikamwingiza Mdogo darasani rasmi, muhtasari useme usiseme. Kwenye mtihani niliwahi kumwandikia Jerome Bruner kurasa mbili na mtaala wake wa mzunguko, kile kitabu cha 1960 kinachosema mada ile ile unaweza kumpa mdogo kwa kiwango chake halafu ukairudia baadaye kwa kina. Nilidesa, nikapata B+. Nilikuwa sijaelewa hata sentensi moja.

Baada ya hewa ndiyo maji yakaenda. Glasi ya maji ya baridi ikatoka jasho, Kaka akasema inavuja. Tukaweka juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye friza: matone ya nje yakawa meupe, hayana rangi ya ukwaju wala ladha. Basi hayakutoka ndani. Sasa yametoka wapi? Akaangalia chumba kizima, juu, pembeni, hajajibu. Sikumsaidia. Nilijiuma ulimi lakini sikumsaidia.

Msidhani mambo yalinyooka. Nilipanga somo la kuota kwa mbegu Jumatatu, kunde nikazilowesha kwenye pamba Jumatatu hiyo hiyo. Mbegu haina habari na azimio lako. Tukakaa tunaangalia pamba. Mdogo kwa huruma akawa anazimwagilia kila saa, zikaoza, zikanuka, tukaanza upya. Sasa nimejifunza: cha kuota kinapandwa wiki moja kabla hujakihitaji, kimya kimya, huku mnasoma kingine.

Halafu ikaja habari ya kivuli. Jua na dunia nilizisukumia mwisho wa Oktoba, kwa vile kwenye vitabu vingi huwa ziko huko nyuma. Rumeti wangu anasoma Jiografia, namsimulia kwenye simu, akanicheka. "We dada, mwisho wa Oktoba jua litakuwa limeshawapita. Dar linapita utosini tarehe 10 Oktoba hivi, kama saa sita na dakika kumi mchana. Likiwapita hapo, ni mpaka mwanzoni mwa Machi." Machi Kaka atakuwa shule nyingine. Nikavunja mpango kwa mara ya tatu. Tukasimamisha mti wa fagio kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, Kaka akaunyoosha kwa uzi uliofungwa jiwe, tukawa tunaweka alama ya kivuli asubuhi, adhuhuri na jioni. Kila adhuhuri kinazidi kufupika. Tarehe 10 tukasimama uani saa sita kasoro... likaja wingu. Kubwa kama basi la Mwanza. Likakaa. Mdogo alilia.

Nikawaambia twende na kesho, jua halihami haraka hivyo. Tarehe 11 anga jeupe. Kivuli kikasogea, kikajikunja, kikaisha, kikabaki kama uzi tu ubavuni mwa mti. Nikauliza kimekwenda wapi, nikiogopa kusikia "kimeisha". Kaka akachuchumaa. "Hakijaenda popote. Mti umekikalia."

Sikuweza kusema kitu, jamani. Nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Lakini kuna mtu mwingine kwenye nyumba ile, na ndiye anayelipa. Jioni moja mama mdogo anafunga barafu zake, akaniuliza, "Mmefika ukurasa wa ngapi?" Wiki sita zimepita. "Wa kumi na nne, mama." Hakufoka. Bora angefoka. Akafunga vifuko vitatu ndipo akasema, "Mwanangu, mimi sina shida na mambo ya glasi. Nataka asirudishwe darasa." Hapo sikuwa na la kujibu, na hata sasa sina. Mwalimu mkuu akimwekea swali la kutaja hatua nne kwa mpangilio, mti wa fagio hautamsaidia. Mimi nikikosea nitaandika ripoti nzuri ya kujitathmini. Yeye atakaa mwaka mzima na waliomzidi umri wa mdogo wake kidogo tu.

Kwa hiyo nikakimbiza. Meno, usafi, mbu na malaria, vyakula, vitu vyenye ncha kali: siku nne, kurasa ishirini na mbili, maswali na majibu. Haya watoto wanayajua kwa kuishi, hayahitaji kusubiri kitu kingine. Na ile kwaya yake ya mzunguko wa maji sikumfuta, nilimfundisha kuiimba kwa Kiswahili maana huko aendako ndiko inakoulizwa.

Wiki iliyofuata mteja alirudisha barafu analalamika kifuko kinavuja, kimemlowesha mfuko wa shati. Mama mdogo akaanza kukagua vifuko kimoja kimoja, amekasirika. Kaka akatoka ndani. "Mama, haivuji. Hayo maji hayajatoka ndani, onja." Mama mdogo akamwangalia. Akaonja. "Hayana ukwaju," akasema. Kaka akanyoosha mkono akazungusha hewani, "Yalikuwa hapa. Yameona baridi yakarudi." Mimi niko mlangoni na mwiko mkononi, wali unaungua.

Mama mdogo akafuta kifuko kwa kanga. "Basi mteja usimwambie aonje," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Kesho yake akaniuliza tena tumefika ukurasa wa ngapi.

Chuo kimefunguliwa, nimerudi na foleni za usajili, kwa hiyo sasa nafundisha Jumamosi na Jumapili tu. Wiki zilizobaki ni chache na daftari langu lina mada saba, tano nitazikimbiza. Kunde za kopo la pili zina majani manne, nimemwachia Mdogo azitunze kwa masharti ya kikombe kimoja kwa siku. Mawingu ya vuli yameanza kujikusanya upande wa baharini. Jumamosi nitaanza na sufuria na mfuniko. Mvua ikiwahi, tunaanza na mvua.

Ngoja nikimbilie kafeteria kabla maharage hayajabaki mchuzi.