Sangara na Dagaa



Ndugu zangu wapendwa, juma hili naandika nikiwa na deni moyoni, nami napenda kulilipa mbele yenu nyote.

Ziwa letu la Victoria limebeba samaki wawili ambao mgeni hawezi kudhani kuwa wanakunywa maji mamoja. Sangara aweza kufikia urefu wa mtu mzima na uzito wa kilo 100 na zaidi. Dagaa aliyekomaa hapiti kidole: sentimita 9 hivi, basi. Sangara ni mgeni. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, hata aina nyingi za furu zikatoweka. Dagaa ni mwenyeji. Naye huliwa na sangara, lakini hakutoweka, kwa kuwa hukua upesi na kuzaana kwa wingi. Katika miaka ya karibuni ni yeye anayeongoza kwa uzito katika samaki wanaovuliwa ziwani humu.

Sangara hukatwa minofu, ikapelekwa Ulaya. Sisi wenyeji hubakiwa na mapanki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, huanikwa juani, kisha husafiri kwa magunia hadi vijiji visivyo na barafu wala umeme. Huko huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, na mtoto wa maskini hupata nguvu.

Hayo yote niliyajua. Hata hivyo, siku ya Sikukuu ya Mavuno, lilipoletwa altareni sangara la kilo 40, likibebwa na vijana wawili, nililipokea kwa tabasamu pana. Nilimtaja mtoaji kwa jina, waamini wakapiga vigelegele, na wakati wa mnada tulipiga naye picha. Nyuma yake alikuja mama mmoja mjane na kisado cha dagaa. Nilikipokea huku macho yangu yakiwa bado kwa sangara. Sikusema neno. Kwenye mnada kisado kilisahauliwa chini ya meza.

Jioni mama yule alikuja kuchukua kisado chake kitupu. Nilipomwambia kwamba dagaa bado wamo, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: “Padre, dagaa nao wana macho.”

Usiku ule sikupata usingizi. Nilifungua Injili. Mathayo na Marko wanasimulia jinsi Bwana alivyowalisha watu 4,000, na wote wawili wanataja kwamba samaki waliokuwapo walikuwa wadogo, tena wachache. Bwana hakuwaweka kando akingoja wakubwa. Aliwabariki wale wale, umati ukashiba. Yohane naye anasimulia wavu uliojaa samaki wakubwa 153, nao pia Bwana hakuwakataa. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kumfurahia sangara. Mtoaji wake alitoa kwa moyo mwema, na Mungu amzidishie. Kosa langu lilikuwa kupima kwa mzani wa mwaloni mahali ambapo Mungu anapima kwa mzani mwingine.

Nimekwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Alinikaribisha ugali, na kitoweo, kama mnavyoweza kukisia, kilikuwa dagaa. Tulikula, tukacheka, tukasali pamoja.

Ndugu zangu, parokia hii inasimama juu ya wengi wasiotajwa: anayefagia kanisa kabla ya mapambazuko, katekista atembeaye kwa miguu, bibi asiyekosa jumuiya. Juma hili kila mmoja ajiulize: nyumbani mwangu, kazini mwangu, ni nani niliyempokea bila kumtazama? Aende kwake kabla ya Dominika.

Ee Bwana, utupe macho ya kuwaona wadogo wako. Amina.

Niombeeni, nami nawaombea.

Padre wenu