Mtoto wako si mzembe, apimwe macho

Mdogo wangu mpendwa,



Ujumbe wako kuhusu mwanao umeninyima usingizi. Mpira akirushiwa unampita, ngazi anashuka kwa kupapasa na mguu, chai anaimwaga kando ya kikombe, na mwalimu anasema ni mzembe. Mdogo wangu, huyo si mzembe. Mwanangu alikuwa vivyo hivyo.

Kila jicho hupeleka picha yake kwenye ubongo, na tofauti ndogo kati ya picha hizo mbili ndiyo inayomjulisha mtu kikombe kiko mbali kiasi gani. Jicho moja likiwa na kengeza, au likiwa halioni sawa na mwenzake, picha hazioani. Ubongo wa mtoto huamua kuipuuza moja, na jicho lile linazoea uvivu. Mtoto mwenyewe halalamiki, maana hajawahi kuona vingine.

Hapa Leicester watoto hupimwa macho wanapoanza shule, wakiwa na miaka 4 au 5, na ndipo wa kwangu alipogundulika. Kuna kipimo cha nzi. Mtoto huvalishwa miwani maalumu, akaonyeshwa picha ya nzi mkubwa, kisha akaambiwa amshike mabawa. Mwenye macho yanayoshirikiana hubana vidole hewani, kwa sababu anayaona mabawa yameinuka juu ya karatasi. Wengine hushtuka na kurudisha mkono. Mwanangu aligusa karatasi bapa, akamtazama mpimaji kama anayeuliza, nimepata? Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Tiba ilianza na miwani. Usiidharau. Wataalamu wa hapa huweza kumwachia mtoto miwani tu kwa wiki 18 hivi kabla ya kuongeza kitu kingine, kwa kuwa wapo ambao jicho lao hupata nguvu kwa hiyo peke yake. Wetu ilimsaidia lakini haikutosha, akapewa kiraka cha kufunika jicho zima ili lile vivu lifanye kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kama uvivu wa jicho ni wa wastani, saa 2 kwa siku zinafaa sawa na saa 6. Saa 2 ni chache kwenye karatasi ya daktari. Nyumbani mtoto anabandua, anaficha kiraka chini ya mto, analia kwamba haoni, na kweli haoni vizuri. Nilikuwa namkalisha mezani tuchambue maharage pamoja, au atunge shanga, huku nikimsimulia hadithi za bibi. Jicho lilipata nguvu hapo, na mimi nikamjua zaidi mwanangu.

Mtoto akikataa kabisa, yapo matone ya atropini, yanayolitia ukungu jicho zima. Nayo yamethibitika kufanya kazi, ila ni kwa amri ya daktari, na chupa ikae mbali na watoto. Upasuaji hunyoosha kengeza, lakini hauondoi uvivu wa jicho. Kiraka kinaweza kuhitajika bado. Wapo wanaoanza kupima umbali vizuri baada ya macho kunyooka, na wapo wasioupata uwezo huo kikamilifu. Hao hujifunza kutegemea vivuli, ukubwa wa vitu na kugeuza kichwa, na wanaishi vizuri.

Mtu akitaka kukuuzia mazoezi ya macho kwa bei kubwa, muulize kwanza ni ya ugonjwa gani. Yana ushahidi mzuri kwa watoto ambao macho yao hushindwa kukutana karibu wanaposoma: katika utafiti wa mwaka 2008, asilimia 73 ya waliofanya mazoezi kliniki na nyumbani kwa wiki 12 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 43 waliosogeza penseli tu nyumbani. Kwa jicho vivu, miwani na kiraka ndiyo njia ya kuanzia.

Mwanao ana miaka 8, na najua watakuambia umechelewa. Chini ya miaka 7 ndiyo huwa rahisi zaidi, lakini hata vijana wakubwa wamepata nafuu. Susan Barry, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alianza kuona kina cha vitu akiwa na karibu miaka 50.

Basi mpeleke hospitali ya CCBRT hapo Dar wiki hii. Watamtia matone ya kupanua mboni ili wapime miwani sawasawa, kwa hiyo usiogope akilalamikia mwanga, mvalishe kofia. Na ukimpiga picha ukaona mboni moja inang'aa nyeupe, au kengeza likamtokea ghafla, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwalimu nitaongea naye mwenyewe kwa simu, nitumie namba yake. Cheti cha miwani nacho kipige picha unitumie, fremu za watoto za huku ni imara na nitamtafutia yenye rangi anayoipenda.

Dada yako