Tuliangalia Memento sebuleni, wote wakacheka, mimi nikanyamaza

Wadau, kama hamjaiona Memento na mnapanga kuiona, nawaonya mapema: humu kuna ubuyu wa vipande vyake kadhaa. Mwisho wake siutaji.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua, Mbagala, sebuleni kwa mama. Tulikuwa watano: mimi, kaka yangu, washikaji zake wawili wa kijiweni, na dada mmoja jirani ambaye akisikia muvi inawekwa hakosi. Mshikaji mmoja alikuja na flashi mfukoni, akatutangazia, "Leo nimewaletea muvi ya kutumia akili. Mkitaka ngumi, nendeni kibanda umiza."

Kwa wasioijua: ni muvi ya mwaka 2000 ya Christopher Nolan, kabla hajawa huyu Nolan wa Inception na Oppenheimer. Guy Pearce anaigiza mtu anayeitwa Leonard, aliyepigwa kichwani usiku ambao mke wake alishambuliwa. Tangu hapo hawezi kushika jambo jipya. Ya zamani anayakumbuka, ila ya leo yanayeyuka baada ya dakika chache. Anamsaka muuaji kwa kutumia picha za Polaroid, vikaratasi na chale alizojichora mwilini. Bajeti yake inatajwa kuwa haikuzidi dola milioni 9, ambayo kwa Hollywood ni hela ya chai, na iliigizwa kwa siku 25 tu. Hakuna magari ya kulipuka. Ni moteli, baa, barabara na nyumba chakavu.

Na inakwenda kinyumenyume. Vipande vya rangi vinaanzia mwisho kurudi nyuma, vile vya nyeusi na nyeupe vinakwenda mbele kama kawaida, halafu vinakutana. Kila kipande kikianza, wewe mtazamaji hujui kilichotokea kabla, sawasawa na Leonard mwenyewe.

Dakika ya thelathini hivi, bunge likaanza.

Mshikaji wa pili akasema hii si muvi, ni mtihani wa hesabu. "Mtu katoka kazini kachoka, halafu aanze kupanga vipande kama fundi vigae?" Dada jirani yeye alishaiona Ghajini ya Aamir Khan ya mwaka 2008, ile iliyotafsiriwa na DJ. Akasema wazo ni hilihili, mtu mwenye chale na picha, lakini Wahindi waliweka mapenzi, nyimbo na kilio. "Hapa hata kulia sijalia. Mke mwenyewe simjui, nitamlilia vipi?" Kiukweli hakukosea. Ghajini imechukua wazo kutoka Memento, ila imempa yule binti muda wa kutosha tukampenda kabla hajafa. Mwenye flashi akawaka: nyie mmezoea kutafuniwa! Akadai ile ndiyo kazi bora ya Nolan mpaka leo, na kwamba ilipata uteuzi wa Oscar mara mbili, kwa uandishi na kwa uhariri.

Msidhani ni ushamba wetu. Hata Marekani wenyewe waligawanyika. Wasambazaji wakubwa waliitazama wakaikataa, ikabidi kampuni iliyoifadhili ndiyo iisambaze yenyewe, na mwisho ikaingiza takriban dola milioni 40 duniani. Mhakiki mkubwa wa kule, Roger Ebert, aliipa nyota 3 kati ya 4. Aliirudia mara ya pili, akasema stori aliielewa zaidi lakini raha haikuongezeka. Kwa hiyo mshikaji wa mtihani wa hesabu ana mwenzake mwenye jina.

Sasa, kaka yangu.

Kaka ni fundi friji. Miaka miwili iliyopita alianguka na bodaboda, bila helmeti, kichwa kikapiga ukingo wa barabara. Alilala hospitali wiki kadhaa. Aliporudi alitujua wote, majina yetu, stori za utotoni, mpaka deni la jirani la mwaka 2012. Ila ya leo hayakai. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana limeshaondoka. Ana daftari la kaunta analotembea nalo, na kila akiamka analisoma kwanza ndipo anapiga mswaki.

Cha ajabu, mikono haikusahau. Friji anatengeneza vilevile. Nilikuja kusoma baadaye kuhusu Mmarekani mmoja, Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, akabaki hawezi kutunza kumbukumbu mpya mpaka alipofariki 2008. Walimfundisha kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo. Kila siku alikuwa anaona ni mara yake ya kwanza, lakini mkono ulizidi kuwa mzuri. Nilipoisoma hiyo nilimwona kaka akiwa na bisibisi yake.

Basi muvi ikafika kwenye kipande cha yule mhudumu wa moteli. Leonard amepangishwa vyumba viwili bila kujua, anavilipia vyote. Mhudumu anakiri kabisa, hata haya hana: biashara ni mbaya, bosi kasema ampangishe kingine. Anakiri kwa sababu anajua Leonard atasahau.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kaka alicheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu. Akasema, "Huyu jamaa kaisha! Afadhali mimi nina ndugu, haniibii mtu."

Mimi nikajifanya naenda kuangalia maharage jikoni.

Kiukweli nilikuwa nimemwibia. Miezi mitatu nyuma yake, mteja wake wa zamani alikuja kulipa deni la friji, shilingi elfu themanini. Kaka alikuwa amelala, nikazipokea mimi. Nilikuwa nadaiwa kodi na nilishachoka simu za mwenye nyumba. Nikajiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Kwenye daftari sikuandika kitu. Wiki iliyofuata kaka akaniuliza, "Yule mteja wa friji, hajaleta tu?" Nikamjibu, "Alileta kaka, na ukatumia. Umesahau?"

Hilo neno la mwisho ndilo linaloniuma. Hela ningeweza kusema ni shida. Lakini nilichukua ugonjwa wake nikautumia kama kufuli. Naye akaniangalia, akatingisha kichwa kwa aibu, akasema, "Haya mdogo wangu. Nisamehe."

Usiku ule wageni walipoondoka nilimfuata chumbani. Nikamwambia yote. Alikasirika kweli, sauti ikapanda mpaka mama akaamka. Nikalia, nikaomba radhi, nikaenda kulala nikijihisi mwepesi kidogo.

Halafu katikati ya usiku nikashtuka. Kesho akiamka hatakumbuka. Mimi nimeshatua mzigo, yeye hana hata habari. Nina tofauti gani na yule mhudumu wa moteli? Naye alikiri. Alikiri kwa sababu kukiri kulikuwa bure.

Saa kumi na moja alfajiri nikachukua daftari lake. Nikaandika kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa, ule anaousoma kila siku: "Mimi mdogo wako nilichukua elfu themanini zako za friji. Nikakudanganya kuwa ulizitumia. Hukuzitumia. Nitalipa." Nikaweka jina langu na tarehe. Mkono ulitetemeka kuliko siku ya kusaini mkataba wa kazi.

Kilichofuata sikukitegemea, ingawa ningefikiri kidogo ningejua. Asubuhi alisoma, akanifuata sebuleni, akanisema. Kesho yake akasoma tena, kwake ikawa habari mpya, akanisema tena. Siku ya tatu vilevile. Mimi ndugu zangu nimegombezwa kwa kosa moja asubuhi kumi na tisa, na kila asubuhi ilikuwa ya kwanza kwake. Asubuhi nyingine alikuwa mkali, nyingine alikaa kimya tu akiniangalia, na hizo za kimya ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Mama akashauri tuuchane ule ukurasa. Nilitamani sana. Nikasema hapana.

Siku ya ishirini nikapata mshahara. Nikampa elfu themanini mkononi, mama akiwa shahidi. Akazihesabu mara mbili, akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno yangu kwa mwandiko wake mwenyewe: "Amelipa. Nimehesabu mimi. Yameisha."

Sasa kila asubuhi anasoma kosa na malipo kwa pamoja. Kuna siku anakunja uso, anafika mstari wa pili, uso unafunguka. Kuna siku ananitania, "Kumbe wewe ni mwizi mstaarabu."

Kwa hiyo mkiniuliza muvi ni nzuri au mbovu, mimi sina nyota za kugawa. Dada jirani yuko sahihi, haina moyo kama Ghajini. Mshikaji wa hesabu yuko sahihi, inachosha. Mwenye flashi naye yuko sahihi, maana muvi ile ya moteli na vikaratasi ilinikamata sehemu ambayo muvi za mamilioni hazijawahi kunigusa. Watu wanasema inahusu mtu aliyesahau. Mimi niliona inahusu sisi tunaomzunguka aliyesahau, na tunachofanya tukijua hakuna atakayekumbuka.

Juzi mwenye flashi alirudi, anataka tuirudie ili safari hii tuielewe. Kaka akauliza hiyo muvi inahusu nini, tukamsimulia kwa kifupi. Akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Sasa huyo jamaa," akasema, "wazazi hana? Dada hana? Mtu mzima anajichora mwili mzima, kwa nini asiwe na ndugu hata mmoja wa kumuuliza?"

Washikaji wakacheka, wakasema hiyo ndiyo kasoro ya muvi, Wazungu hawana ukoo. Mimi nikaangalia lile daftari mezani. Nadhani Leonard naye angekuwa na dada, ingetegemea dada gani.