Mwendo wa Watoto



Jumapili baada ya ibada, baba na mama vijana walinisubiri nje ya kanisa. Nikadhani kuna shida nyumbani. Kumbe walitaka ushauri tu. Desemba hii wanawapeleka watoto Mombasa kwa mara ya kwanza, mmoja ana miaka mitano na mwingine miwili, na baba alikuwa ameandika ratiba ya siku ya bahari kwenye simu. Nikaisoma. Saa mbili Fort Jesus, saa nne feri ya Likoni, saa sita kuogelea, saa tisa kuona mamba, jioni kurudi mjini kununua zawadi. Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu ratiba hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe.

Sisi wa Kiamunyi hatuna bahari. Maziwa tunayo, lakini niambie ni lipi utamwachia mtoto acheze ndani yake? Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya wanyama. Naivasha kuna viboko. Baringo kuna viboko na mamba. Mtoto wa huku akisikia maji mengi anafikiria tangi la mvua nyuma ya nyumba. Ndiyo maana safari ya Mombasa tunaiwekea akiba mwaka mzima, na tukifika tunataka kila shilingi ionekane.

Sasa nikuambie yangu. Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri usiku kucha, tukafika alfajiri, na siku hiyo hiyo nikawakokota watoto watatu Fort Jesus, kisha ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule watu wanauita Pirates. Ilikuwa saa saba, jua la utosi, kila mtoto analia kwa sababu yake. Simu ikalia. Wanakamati wawili wamekosana juu ya harambee ya vipaza sauti. Upepo ulikuwa mwingi, nikasogea kando nisikie vizuri. Mke wangu alikuwa chini ya mvinje akimbadilisha mdogo nepi, akijua yule wa pili, wa miaka minne, yuko nami. Mimi nilijua yuko naye.

Nilipokata simu, hakuwepo.

Mpendwa, nimeomba kwenye mikesha, nimeomba hospitalini, lakini sijawahi kuomba kama siku ile nikitazama mawimbi nikitafuta fulana nyekundu. Na siku ile ilikuwa kama watoto wote wa Kenya wamevaa nyekundu. Kama dakika ishirini. Tulimkuta ameketi kando ya mama mmoja anayeuza mabuyu, midomo myekundu, anakula. Yule mama aliniangalia juu hadi chini akasema, "Baba, mtoto haachwi baharini." Nikatoa noti nimshukuru, akakataa. Alinidai bei ya mabuyu tu.

Unajua mfano wa mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Mimi niliugeuza. Niliwashughulikia tisini na tisa kwa simu, mmoja akapotea mita chache nyuma yangu. Usiku mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Ukiwa Nakuru uko kule. Ukiwa huku pia uko kule."

Nilirudi kwenye Mwanzo 33. Yakobo amekutana na Esau baada ya miaka mingi, Esau anataka waondoke pamoja. Yakobo anamwambia ndugu yake atangulie. Watoto ni wachanga, kundi lina wanaonyonyesha, na likiharakishwa siku moja tu litakufa. Yeye atakuja taratibu, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Nilisoma mistari hiyo chuo cha Biblia na kuiandikia mtihani. Sikuwahi kufikiri inahusu likizo.

Kwa hiyo niliwaambia wale wazazi wafute kila kitu wabakize bahari. Fort Jesus imekaa pale tangu miaka ya 1590, itawasubiri watoto wakue. Treni kutoka Nairobi ni kama saa tano au sita, na kabla yake una barabara ya kutoka Nakuru, kwa hiyo siku ya kufika ni ya kuoga na kulala. Kesho yake nendeni mapema, saa moja na nusu hivi, na saa nne muwe mnafunga vitu. Jua la huku kwetu linachoma lakini hewa ni baridi. Kule mtoto anatoka jasho hata akiwa kivulini, naye hajui kukuambia ana kiu. Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani yanatosha, kofia, leso mbili, shati jepesi la mikono mirefu. Ndizi na mahamri yatosha. Pilau achia jioni.

Halafu uliza maji. Hili sikufunuliwa, nilifundishwa na mvuvi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndipo bamvua, maji yanapwa sana, na huko Mombasa yanapwa katikati ya asubuhi. Utaona watu wazima wakitembea mbali hadi karibu na mwamba. Usiwafuate na watoto, kwa maana maji yakirudi yanaweza kukuzunguka kwa nyuma. Kaeni kwenye vidimbwi vya karibu, kila mtu na viatu, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba. Boya la kukodisha si mlinzi, upepo unalisukuma. Na bei ya ngamia ikubaliwe kabla mtoto hajapanda. Akishapanda huna tena nguvu ya kujadiliana.

La mwisho ndilo lililonigharimu. Andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto. Kisha semeni kwa sauti nani anamwangalia nani. "Mimi huyu, wewe yule." Ukitaka kwenda hata chooni, mkabidhi mwenzako kwa jina, naye aitikie.

Tulirudi baada ya miaka miwili. Asubuhi nzima tulichimba shimo moja. Yule aliyepotea alikuwa anachota maji na mkebe, anamimina, yanazama mchangani, anakimbia kuchota tena. Akaniuliza yanaenda wapi. Nikamwambia yanarudi baharini. Akafikiri kidogo, akaenda kuyafuata, na mimi nyuma yake. Simu ilikuwa chumbani. Mlinipigia watu kumi na wanne siku ile, na jioni niliwarudia wote.

Mwaka huu tunaenda tena juma la pili la Desemba. Jumatano na Alhamisi simu yangu itakuwa imezimwa. Ukiwa na jambo la dharura, mpigie mzee wa kanisa wa eneo lako, tumeshaongea naye. Ibada ya Jumapili ni saa tatu kama kawaida, nitakuwepo.