Kicheko cha Mbeba Mkoba

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, lakini niliuelewa vizuri kwa sababu ya kitabu kimoja cha gofu. Katika mtaa wetu tulikisoma watu wanne, na kila mmoja wetu akasoma kitabu chake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Cinderella Story: My Life in Golf. Kilitoka mwaka 1999, na mwandishi wake ni mchekeshaji wa Marekani, Bill Murray, aliyesaidiwa na George Peper, mhariri wa jarida la gofu. Jina la kitabu limetokana na filamu ya Caddyshack ya mwaka 1980, ambamo Murray aliigiza mtunza nyasi wa klabu ya gofu, mtu mchafumchafu aliyehangaika kumwinda mnyama mdogo mchimbaji, mfano wa fuko. Katika sehemu moja mtunza nyasi huyo yuko peke yake bustanini, anafyeka vichwa vya maua kwa chombo chake cha kazi, huku akijitangaza kama mtangazaji wa mpira: kwamba yeye, mtu aliyetoka chini kabisa, yu karibu kushinda mashindano makubwa ya Augusta. Sinderela, kwa asiyemjua, ni yule msichana wa hadithi za Ulaya aliyeteswa jikoni na mama wa kambo, akaishia kuolewa na mwana wa mfalme.

Kitabu kilinifikia mwaka 2002. Kililetwa na mpwa wangu aliyekuwa akisoma Chicago, si mbali na kitongoji cha Wilmette alikokulia Murray. Nilikisoma kwa siku mbili, nikakifunga, nikasema hakina maana. Kisha nikakiazimisha, kama mtu atoavyo nguo isiyomkaa mwilini.

Wa kwanza kukichukua alikuwa jirani yangu, meneja wa benki mstaafu, ambaye hakukosa kiwanja cha gofu hata Jumamosi moja. Alikirudisha siku ya tatu. "Mwalimu," aliniambia, "huyu bwana hafundishi kitu. Nilitaka anionyeshe namna ya kushika fimbo, yeye ananipeleka utotoni kwake. Nikianza kuona mashindano, anaruka tena." Alikuwa na kitabu cha Bob Hope cha mwaka 1985, nacho cha mchekeshaji mpenda gofu, na huko, alisema, angalau mzaha unafuatana na mzaha. Tena hakumsamehe Murray kwa kisa cha Pebble Beach cha mwaka 1993, alipomvuta bibi mmoja mtazamaji wacheze dansi kwenye shimo la mchanga, bibi akaanguka, na wakuu wa gofu wakamkemea. "Mzaha una mipaka," alisema jirani yangu, akaomba chai.

Wa pili alikuwa kijana aliyekodisha kanda za video pale sokoni. Filamu ile aliijua neno kwa neno. Yeye alitaka kitabu kizima kiwe habari za filamu, na kila alipokutana na gofu alifungua ukurasa mwingine. Akasema kimemchekesha nusu, na nusu kimemlaza.

Wa tatu alikuwa binti yangu, aliyekuwa likizo kutoka chuoni. Gofu hakuijua wala hakutaka kuijua. Alichokipenda ni nyumba ile: watoto tisa, Bill akiwa wa tano, baba muuza mbao aliyefariki mwaka 1967, Bill akiwa na miaka 17 tu. Alikipenda pia kwa habari za vijana wale kubeba mikoba ya fimbo za matajiri kwenye klabu ya Indian Hill, kazi ambayo wachezaji humwita mwenye kuifanya kedi. Murray alijilipia kwa kazi hiyo ada ya sekondari ya Majesuiti. "Baba," binti yangu aliniuliza, "mbona wewe kitabu hiki kimekuudhi hivyo?"

Nilimjibu kwamba mtu asifanye mzaha na jasho la watoto maskini. Lilikuwa jibu zuri la mwalimu. Halikuwa jibu la kweli.

Ukweli ni kwamba mwaka 1964, nikiwa na umri wa miaka 12, nami nilikuwa mbeba mikoba. Watoto wangu hawakujua. Waliamini kwamba ada yangu ililipwa na mjomba, nami niliwaacha waamini hivyo, na mjomba, Mungu amrehemu, akapata sifa asizozifanyia kazi. Nilibeba kila Jumamosi na Jumapili kwenye klabu ya mji wetu, mkoba mrefu ukinigonga kisiginoni. Siku moja mpira wa mchezaji mmoja ulipotea majanini. Akasema nimeuficha ili nikauuze. Akaniamuru nigeuze mifuko ya kaptura yangu mbele ya wenzake. Mfukoni mlikuwa na kipande cha muhogo mkavu. Baadaye mpira ulionekana kwenye majani, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama, na hakuna aliyesema pole.

Basi nilipomsoma mtu aliyegeuza kazi ile kuwa kicheko, tena kicheko cha kumpatia fedha, niliuona ule mkono ukielekeza mifuko yangu. Kwa hiyo sikukihukumu kitabu hata kidogo. Nilimhukumu yule bwana, na Murray akakutwa njiani.

Msomaji wa nne hakujua Kiingereza. Ni rafiki yangu wa utotoni niliyebeba naye mikoba. Mimi niliondoka nikawa mwalimu, yeye akabaki pale, akabeba kwa zaidi ya miaka 30, mpaka mgongo ukakataa. Nilikwenda kumjulia hali na kitabu kikiwa mkononi, akataka kujua ni cha nini. Nikaketi barazani kwake nikamtafsiria zile sehemu za kubeba mikoba, kwa sauti ya ubaridi, nikitarajia akasirike pamoja nami.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu na mkewe akachungulia dirishani. Kisha akajifuta macho, akasema: "Huyu kabeba. Hajasimuliwa."

Akaanza kukumbusha. Mbeba mkoba, alisema, ndiye hakimu asiyelipwa wa mchezo ule. Katika gofu kila mtu huhesabu mikwaju yake mwenyewe, na mshindi ni mwenye michache. Lakini aliyebeba mkoba amehesabu pia, kimyakimya. Anajua nani ameusukuma mpira kwa kiatu kutoka kichakani. Anajua nani amepiga mara 9 na kusema 5. "Umemsahau Bwana Tano?" aliniuliza. Nilikuwa sijamsahau. Bwana Tano ndiye yule yule aliyenigeuzisha mifuko. Kila shimo kwake lilikuwa mikwaju mitano.

"Wewe, Mwalimu, unakumbuka mifuko," rafiki yangu alisema. "Mimi nakumbuka jioni yake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani uliokota kijiti, ukamwigiza Bwana Tano: tumbo mbele, anapiga majani, anapiga hewa, anapiga udongo, kisha anageuka kwa heshima na kusema, 'Tano.' Tuliangukia barabarani kwa kucheka. Tangu siku ile hatukumwogopa tena. Wewe ndiye uliyetuchekesha."

Nilikaa kimya. Jambo hilo lilikuwa limenitoka kabisa kichwani. Kwa karibu miaka 40 nilikuwa nimetunza aibu na kuitupa dawa yake.

Sitaki msomaji adhani kwamba tangu hapo nilikiona kitabu hakina kasoro. Jirani yangu mstaafu alikuwa na haki: kinatangatanga, na anayetafuta mafunzo ya gofu atarudi mikono mitupu. Nami ninalo langu, na bado ninalo. Ni rahisi zaidi kuucheka mzigo ulioutua. Kaka yake Murray, Ed, alisomeshwa chuo kikuu kwa ufadhili ulioanzishwa na Chick Evans, mchezaji aliyeshinda mwaka 1916 mashindano ya wazi ya Marekani na yale ya wachezaji wa ridhaa. Tangu mwaka 1930 mfuko huo umekuwa ukiwasomesha vijana waliobeba mikoba. Kwetu mfuko wa namna hiyo haukuwapo. Rafiki yangu, aliyekuwa na akili kunishinda, aliingia klabuni mtoto akatoka mzee, kwa lango lile lile la nyuma. Hadithi ya Sinderela ni tamu kwa aliyepata kiatu. Waliobaki jikoni ni wengi.

Lakini aliyecheka kuliko sote ni yeye aliyebaki jikoni. Hilo sikuweza kulipita. Nilikuwa nimejifanya mtetezi wa heshima yake bila kumuuliza, kumbe yeye heshima yake aliijenga siku nyingi, kwa vicheko vya jioni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nimejifunza kwamba hata ulichokilalia, waweza kukumbuka kunguni ukasahau usingizi.

Usiku ule nilimwambia binti yangu habari yote: mikoba, muhogo, na mjomba ambaye hakulipa ada. Nilidhani angesikitika, au angenionea haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hebu nionyeshe alivyokuwa akipiga." Nikachukua mwiko jikoni, mtu mzima wa miaka 50, nikatanguliza tumbo. Niliposema "Tano," binti yangu aliangukia kochini.

Rafiki yangu alifariki mwaka 2008. Mwaka 2011 nilisikia kwamba Murray, akishirikiana na mchezaji wa kulipwa D. A. Points, ameshinda mashindano ya Pebble Beach, kwenye kiwanja kile kile alikokemewa. Nilitamani kwenda kumpa habari pale barazani. Najua angeniuliza swali moja tu: aliyembebea mkoba siku hiyo alihesabu mikwaju mingapi?

Kitabu bado ninacho. Watu huniuliza kama ni kizuri, nami siku hizi sijibu upesi. Huwauliza kwanza wamewahi kubeba nini.